Ukwato wa Mwisho

14 Juni

Tumefika. Ng'ombe kumi na wanne, shangazi Zenta, mimi, na kuku watano ambao hakuna aliyenitajia habari zao mpaka walipowekwa mapajani mwangu tukiwa tayari majini.

Tishali letu ni sakafu bapa ya mbao yenye kingo za kufika magotini, na hubeba ng'ombe watano kwa safari moja. Mzee Korbinian hulivuta kwa mashua yake. Barabara hakuna, majabali yameingia ziwani wima pande zote mbili, kwa hiyo anayetaka kufika ng'ambo, awe mtalii au ng'ombe, hupita majini kisha hupanda kwa miguu. Siku za kawaida Korbinian hubeba watalii. Akifika mbele ya jabali kubwa huzima mota, hupiga tarumbeta, na jabali humrudishia wimbo wake. Leo alizima mota pale pale kwa mazoea, akashika tarumbeta, akakuta macho kumi ya ng'ombe yanamtazama.

"Hawa hawatapiga makofi," alisema, akairudisha mkobani.

Kabla hatujaondoka gatini, baba alisimama ukingoni, mikono nyuma, akamwambia dada yake, "Zenta, nilichosema nimesema."

"Nimesikia, Leonhard. Masikio yangu bado yanafanya kazi."

Alichosema ni hiki. Kwetu, ng'ombe wakirudi kutoka malishoni mwezi wa kumi bila hata mmoja kufa, huvishwa taji za matawi ya msonobari na maua, wakapitishwa katikati ya kijiji. Akifa mmoja tu, wote hurudi vichwa wazi, na kijiji kizima husimama madirishani kikihesabu. Shangazi amerudi vichwa wazi miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa kwanza ilikuwa radi, wa pili genge, wa tatu tumbo lililovimba kwa majani mabichi. Baba amesema ikitokea mara ya nne, ng'ombe watabaki bondeni na nyumba ya malishoni itafungwa. Shangazi ana miaka sitini na tatu. Amekaa kule kila kiangazi tangu akiwa na kumi na sita.

Mimi nimekuja kwa sababu msaidizi wake ameolewa Austria, na kwa sababu nimemaliza chuo Munich na sijui nifanye nini na mikono yangu.

15 Juni

Mgongo. Sina zaidi la kuandika.

22 Juni

Sasa najua mpangilio. Kukamua saa kumi na moja alfajiri. Kupeleka ng'ombe kwenye nyasi za juu. Kukoroga jibini. Saa nne na nusu mashua ya kwanza hushusha watalii, na baada ya dakika arobaini wanatokea kwenye njia ya Ziwa la Juu, wamelowa jasho, wakiuliza kama kuna kitu baridi. Tunawapa mtindi na mkate wenye siagi. Wanauliza kama tuna upweke. Shangazi huwajibu, "Nilikuwa nao mpaka saa tano na dakika kumi."

Ananiita Daktari, ingawa mimi si daktari wa chochote. Nilisomea takwimu. Jana nilijaribu kumtuliza kwa njia ninayoijua: nilikaa nikapiga hesabu ya ng'ombe kumi na wanne kwa siku mia moja na kumi, nikamwonyesha kwamba miaka mitatu mibaya mfululizo si laana wala uzembe. Ni bahati tu, na bahati haikumbuki mwaka jana ilifanya nini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua karatasi, akaisokota, akawashia jiko.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Imeshika mara moja."

Nadhani hanipendi.

3 Julai

Leo nimekosea. Tulikuwa tukitazama ng'ombe wakishuka, jua mgongoni mwao, nikasema, "Watapendeza sana na taji."

Shangazi alinikamata mkono kwa nguvu iliyoniacha na alama. "Neno hilo halitajwi huku."

"Neno gani? Ta—"

"Afra!"

Sheria yenyewe ni kwamba mpaka ukwato wa mwisho wa ng'ombe wa mwisho ukanyage gati la ng'ambo, taji halitajwi, halifikiriwi, na ua lake halitengenezwi. Nilimuuliza ukwato unajuaje tumesema nini. Alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyoganda vibaya.

9 Julai

Mvua ya mawe. Nimehesabu mara tatu. Kumi na wanne.

18 Julai

Adhuhuri nilishuka Ziwa la Juu kuosha miguu. Nikifumba macho nasikia sauti za watalii zikipita juu ya maji, kila lugha, na wote wakifika pale penye mwamba uliopasuka hutoa sauti ileile, "Aaa." Mimi nimezaliwa hapa na sikuwahi kusema "aaa." Nilijaribu leo, kwa sauti ya chini. Nilihisi nimeigiza.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini naandika kila siku idadi ya ng'ombe. Naanza kuamka na namba hiyo mdomoni. Nikiwa chuoni niliandika kurasa tisini kuhusu bahati, na sikuwahi kuwa na kitu cha kupoteza.

Mpaka sasa nimejifunza majina yote. Nimpendaye ni Mirl, mtamba wa miaka miwili, mwekundu, kichwa kigumu. Kila nikimwita hugeuza kichwa upande mwingine, kisha anakuja baada ya muda, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

2 Agosti

Kumi na wanne. Shangazi ametabasamu. Nilikagua; alikuwa akiwatabasamia kuku.

11 Agosti

Siku ya nne ya mvua. Hakuna mashua, hakuna watalii. Ziwa limegeuka rangi ya chuma. Tunakula madonge ya mkate na kabichi, kesho yake madonge ya mkate yaliyokaangwa, kesho yake supu yenye madonge ya mkate.

"Kuna kingine?" niliuliza.

"Kuna kabichi."

19 Agosti

Nataka kuandika hili kwa utulivu.

Mvua bado inanyesha. Shangazi alikwenda kutazama uzio wa juu. Nilikuwa nikitafuta uzi wa kushona, nikakuta rafuni bunda la nyuzi pana za mbao, zile nyembamba kama karatasi zitokazo kwenye randa, na vikopo vya rangi. Najua maua ya taji hutengenezwa kwa hizo. Nikiwa mtoto niliona bibi akizikunja. Nilikumbuka pia sheria. Nilijiambia kwamba mimi ni mtu wa ushahidi, kwamba zimebaki wiki sita, kwamba mwanamke wa miaka sitini na tatu atahitaji kusaidiwa. Ukweli ni kwamba nilitaka kumshangaza. Nilitaka aone nina mikono.

Nilitengeneza waridi saba. Nne nyekundu, tatu za manjano. Nikazifunga kwenye uzi, nikazining'iniza dirishani zikauke.

Shangazi aliingia akivua buti. Akatazama dirisha. Alizitungua, akafungua mlango wa jiko, akazitia zote saba motoni, kisha akaendelea kuvua buti la pili.

"Shangazi, mimi nilitaka tu—"

"Kamua."

20 Agosti

Hatuzungumzi. Kumi na wanne.

23 Agosti

Kumi na watatu.

Nilihesabu tena. Nilihesabu kwa kuwagusa mmoja mmoja. Nikahesabu kwa majina, na nilipofika kwa Mirl nikanyamaza, na shangazi aliyekuwa ameinama chini ya ng'ombe wetu Bless na ndoo yake hakuinua kichwa, lakini mikono yake iliacha kukamua.

"Nani?" aliuliza.

"Mirl."

Aliinuka, akachukua fimbo. Tulipanda pamoja mpaka nyasi za juu. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuuona mkono wangu mwenyewe. Tuliita. Kengele za wengine zilisikika kila upande, na kila kengele niliyoisikia nilidhani ni yake. Kwenye uzio wa mashariki, nguzo mbili zilikuwa zimelala, udongo wake umechukuliwa na mvua. Baada ya nguzo kuna nyasi hatua thelathini, kisha genge.

Shangazi alilala kifudifudi ukingoni akatazama chini. Kulikuwa na weupe tu.

"Rudi nyuma," alisema, bila kugeuka. "Wewe sitaki kukuhesabu."

24 Agosti

Tumetafuta tangu asubuhi. Korongo la kwanza, korongo la pili, msitu wote wa chini. Hakuna. Nimejaribu kufikiri kwa akili. Mtamba mwenye afya, majani tele, siku moja na nusu. Akili inasema yu hai. Lakini kila nikifumba macho naona zile waridi saba dirishani.

Siku nne kamili kati ya maua na Mirl. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeniambia kwamba mambo mawili kufuatana si sababu. Ningempa alama zote, na bado nisingeamini.

25 Agosti

Hakuna. Shangazi amekula kijiko kimoja cha supu. Amesema, "Leonhard atakuja Jumapili." Basi.

26 Agosti

Naandika nikiwa nimelowa, na sijali.

Asubuhi ukungu ulifunguka, mashua zikaanza tena. Saa tano hivi walifika mume na mke kutoka kaskazini kabisa, wa pwani ya bahari baridi, wenye makoti ya rangi ya limau. Niliwapelekea mtindi. Mke alikuwa amefurahi kupita kiasi.

"Mna kulungu wazuri ajabu huku kwenu," alisema. "Tumemwona mmoja tukiwa kwenye mashua. Kasimama ufukweni peke yake, mwekundu, anatutazama hivi, kama malkia."

"Wapo wengi," nilimjibu bila kusikiliza.

"Na mmewavisha kengele. Ni kwa ajili ya utafiti?"

Bilauri ya mtindi iliniponyoka. Shangazi alitokea jikoni kwa kasi ambayo sikujua anayo.

"Kulungu mwenye kengele," alisema polepole.

"Mume wangu amempiga picha."

Mume alitoa simu. Akaanza na picha za chakula cha asubuhi. Shangazi akamnyang'anya simu mkononi, akapitisha kidole: yai, yai, mashua, mke, mke, jabali, halafu Mirl. Mirl wetu, kwenye ufukwe mdogo wa changarawe chini ya genge, mahali ambapo mtu hawezi kufika kwa miguu. Alikuwa ameshuka kwa korongo la kijito lililochimbwa na mvua, nusu akitembea nusu akiteleza, na sasa hawezi kupanda.

"Kulungu wako, bibi," shangazi alimwambia yule mke, "atatoa maziwa mwaka kesho, Mungu akipenda." Akambusu kwenye paji la uso. Yule mke mpaka sasa hajui ni kwa nini.

Tulishuka mbio mpaka gatini, dakika arobaini tukazifanya ishirini na tano. Korbinian alikuwa akipakia watalii.

"Washushe," shangazi alimwambia.

"Zenta, hawa wamekata tiketi."

"Washushe, niletee tishali. Mirl yuko chini ya genge la kijito."

Korbinian alitazama maji. Upepo wa kusini ulikuwa umeanza, mawimbi mafupi yenye povu. "Upepo huu, na tishali? Subiri kesho."

"Kesho anaweza kuwa ameingia majini."

"Na mimi naweza kuwa nimeingia leo."

"Wewe unaelea, Korbinian. Kila mtu kijijini anajua una nini tumboni."

Watalii walicheka, hata wale wasioelewa. Korbinian alivua kofia, akajikuna, akawaambia abiria wake kwa sauti ileile anayotumia kueleza habari za jabali, "Mabibi na mabwana, kuna ng'ombe ameukosa usafiri. Mtanisamehe." Wakashuka wenyewe, mmoja mmoja, na mzee mmoja akatukabidhi mkate wake tumpelekee.

Sitasahau safari ile. Tishali lilipiga maji kama kofi, mara kwa mara, na maji yaliingia ndani. Nilikuwa nimepiga magoti katikati, nimeshika kamba, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na wazo lolote kichwani. Mirl alikuwa amesimama ufukweni. Alitutazama, akageuza kichwa upande mwingine.

"Mirl," niliita. "Mirl, tafadhali."

Alisubiri. Kisha akaja, kana kwamba wazo lilikuwa lake, na hapo ndipo nilipouona mguu wa nyuma wa kushoto. Juu ya ukwato kulikuwa na jeraha refu, nyama imefunguka, jeusi pembeni. Alipanda tishali kwa miguu mitatu. Nilimshika shingo njia nzima. Joto lake lilipita nguo zangu, na lilikuwa joto kali kuliko inavyopasa. Kutoka gatini tulimpandisha hatua kwa hatua, tukipumzika kila mara, mpaka zizini.

27 Agosti

Daktari wa mifugo amekuja kwa mashua ya kwanza na kupanda kwa miguu, mwanamke mwenye mikono kama ya seremala. Amesafisha, ameshona, amechoma sindano. "Ana homa. Siku kumi zijazo ndizo zitasema," alisema. Shangazi alimuuliza kama ataweza kutembea ifikapo tarehe tatu Oktoba. Alijibu, "Kwanza aishi, Zenta."

30 Agosti

Amekula kidogo. Baba alikuja, akamtazama Mirl, akatutazama sisi, akashuka. Hakusema alichosema, kwa sababu alikwisha kukisema.

2 Septemba

Hajala.

3 Septemba

Hajala. Anakunywa kama nikimshikia ndoo.

5 Septemba

Leo nilishindwa. Tulikuwa zizini, shangazi akibadilisha kitambaa cha mguu, mimi nikishika kichwa cha Mirl. Maneno yakatoka yenyewe.

"Shangazi, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Yale maua. Niliyatengeneza kabla ya wakati, na siku nne baadaye Mirl akapotea. Najua ni upuuzi. Najua kabisa. Lakini ni mimi."

Aliinua kichwa. "Umesoma miaka mingapi?"

"Mitano na nusu."

"Na wanasema kule kuna walimu wazuri."

Akaanza kucheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Ilimbidi aketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mirl akageuza masikio. Kisha shangazi akainuka, akanishika mkono na kunivuta mpaka chumbani kwake, akapiga magoti, akatoa masanduku matatu chini ya kitanda. Akafungua la kwanza.

Waridi. Nyekundu, bluu, manjano, nyeupe, zimepangwa kwa safu, kila moja imekunjwa kwa ustadi hata nikadhani ningenusa harufu.

"Taji kumi na nne," alisema. "Kila taji waridi arobaini. Piga hesabu, Daktari, ndiyo kazi yako. Nani atakaa atengeneze mia tano na sitini siku moja, ng'ombe wakimsubiri gatini?"

Ninajua kuzidisha. Maisha yangu yote nimeona taji hizo zikipita, na sikuwahi hata mara moja kuzidisha.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na wengine?"

"Wote. Mama yangu alificha kwenye pipa la unga. Burgi wa malisho ya upande wa pili anaficha kwenye kabati la nguo za marehemu mumewe, ndiyo maana taji zake hunuka dawa ya nondo."

"Basi kwa nini ulichoma yangu?"

"Kwa sababu uliyaanika dirishani! Njia yote ya watalii inapita hapo, na Korbinian ana mdomo kama mlango wa zizi. Tengeneza utakavyo, lakini usionekane unangoja sifa." Alifunika sanduku, akalifunua tena kidogo. "Halafu yalikuwa mabaya."

"Mabaya?"

"Kama kabichi."

Tulicheka wote wawili, na mimi nililia pia, sijui kwa uwiano gani. Kisha nikamuuliza ile miaka mitatu alifanya nini na maua yake.

"Niliwashia jiko," alisema. "Yanashika vizuri kuliko hesabu zako."

Alisema kwa mzaha. Lakini alikuwa akizinyoosha waridi kwa kidole kimoja, ingawa hazikuwa zimepinda, na nikaona jinsi nilivyomsoma vibaya. Nilidhani ni mwanamke asiye na matumaini. Alikuwa nayo kwa mamia, chini ya kitanda.

6 Septemba

Mirl amekula mkate wote wa kifungua kinywa chetu. Hakuna aliyemkataza.

12 Septemba

Kumi na wanne, mmoja akichechemea. Shangazi ananifundisha kukunja. Mlango tunaufunga. Mtalii akibisha, tunatupa blanketi juu ya meza na kukaa kama wezi.

"Hii?"

"Kabichi changa."

21 Septemba

Theluji ya kwanza juu ya kilele. Nilikuwa Ziwa la Juu nikichota maji, jua likatoka, mlima wote ukalala kichwa chini ndani ya maji, mweupe, bila mkunjo. Nikasema "aaa." Niligeuka kuona kama kuna aliyesikia. Alikuwepo Mirl.

30 Septemba

"Hii?"

Shangazi ameigeuza, ameitazama, ameitia sandukuni bila kusema kitu.

3 Oktoba

Tulishuka asubuhi na mapema, ng'ombe mbele, kuku wangu kikapuni, masanduku matatu juu ya toroli yamefunikwa magunia. Mirl alitembea njia yote kwa miguu yake minne. Taratibu, lakini minne.

Ziwa lilikuwa shwari kama sakafu. Safari ya kwanza, watano. Safari ya pili, watano. Nilibaki na wanne wa mwisho, na nilipokuwa nikisubiri nilitazama ng'ambo. Watu walikuwa wamejaa gatini, wametulia, hakuna aliyeimba wala kupunga mkono. Baba alikuwa amesimama mbele, mikono nyuma.

Safari ya tatu. Korbinian alipofika mbele ya jabali alipita bila kuzima mota, hata hakutazama upande ule. "Leo sithubutu," alisema. Ni mtu niliyedhani hana anachokihofia.

Tukafika. Bless akashuka. Wa pili akashuka. Wa tatu. Mirl akaweka miguu miwili ya mbele kwenye gati, akatazama watu wote wale, akasimama.

"Mvute," mtu alisema.

"Asiguswe," alisema shangazi.

Basi tukasubiri. Mbele gatini, nyuma tishalini. Ule mguu wenye kovu ulikuwa umeinuliwa kidogo, ukining'inia juu ya ufa wa maji kati ya mbao na mbao. Tishali likaanza kusogea nyuma, upana wa kidole, upana wa vidole viwili. Korbinian alishika nguzo ya gati kwa mikono yote miwili, uso mwekundu, akinong'ona maneno ambayo sitayaandika. Baba akasema kwa sauti ndogo, "Bado hajafika." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeomba.

Mirl akageuza kichwa upande mwingine. Akafikiri. Kisha akaingia nchi kavu, ukwato wa tatu, ukwato wa nne, akaenda moja kwa moja kula maua ya sanduku la dirishani la ofisi ya tiketi.

Hapo kelele zililipuka. Korbinian alichomoa tarumbeta akapiga mpaka jabali la ng'ambo likachanganyikiwa. Masanduku yakafunguliwa na wanawake wote wa kijiji wakashangaa kwa sauti kubwa, "Jamani, Zenta, umeyatengeneza lini haya?" na kila mmoja wao alikuwa na uso mkavu kama ubao. Burgi ndiye aliyeshangaa kuliko wote. Tulifunga taji saa nzima. Ya Mirl niliifunga mimi, na waridi yangu moja iko pale upande wa kushoto. Haifanani na kabichi.

Kisha tukaenda. Shangazi mbele na fimbo yake, amevaa kizibao chake cha sherehe, na kengele kumi na nne nyuma yake. Madirisha yote yalikuwa na watu. Nilitaka kuuona uso wake, lakini nilikuwa nyuma, na nilichokiona ni mgongo tu, umenyooka kama wa msichana wa miaka kumi na sita.

Baba alitembea kando yangu. Tukapita kanisa. Kisha akaharakisha akamfikia dada yake, na mimi nikaharakisha pia ili nisikie.

"Zenta. Sakafu ya chumba cha maziwa, kule juu. Niliiona Agosti. Imeoza."

"Imeoza tangu enzi za baba yetu."

"Nitahitaji mbao ngapi, Mei ijayo?"

Shangazi hakugeuka. Alitembea hatua kama kumi, kengele zikilia.

"Thelathini," alisema. "Na ziwe ngumu, si zile laini zako."

Nimeandika hapa: thelathini, ngumu. Baba atasahau.